Rubabu Kutoka Kabale: Kisa cha Oda Moja ya Pai katika Jiko la Nyumbani Kampala

Kisa hiki nimekikusanya kwa kuzungumza na watu wa nyumba moja ya Kampala, kwa ridhaa yao. Majina, mtaa, na kila ambacho kingeweza kumtambulisha mtu vimeondolewa.

Usuli

Mwenye jiko, tutakayemwita Mama S., ni mzaliwa wa pwani ya Kenya aliyeolewa Kampala. Anaoka nyumbani kwa oda: keki za harusi na za akika, mahamri na vitumbua vya Ramadhani, juisi za sherehe zinazouzwa kwa mtungi. Ana oveni ya gesi, sigiri mbili za mkaa uani, na sufuria za alumini za kila ukubwa kama jiko lolote la mjini. Ndani ya nyumba wanasema Kiswahili. Kiganda ni cha wateja na cha sokoni. Humo anaishi na mama mkwe, wanawe wawili wa kiume walio sekondari, na dada wa kazi kutoka upande wa Busoga.

Siku ya Jumanne alipigiwa simu na ofisi iliyokuwa ikimuaga mfanyakazi Mwingereza anayerudi kwao. Wageni wangekuwa kama 40. Walitaka keki ya kawaida, kinywaji kisicho cha chupa, na pai mbili za rubabu, kwa kuwa muagwa alikuwa akiitaja pai hiyo kila mara. Sherehe ilikuwa Jumamosi alasiri. Mama S. hakuwahi kuishika rubabu mkononi. Alikubali na akapokea arubuni siku hiyohiyo.

Rubabu ni mmea wa nchi za baridi uliotokea Asia. Wachina walitumia mzizi wake kama dawa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kufikiria kuutia kwenye pai. Kinacholiwa ni kikonyo cha jani, yaani ule mkono mnene unaotoka ardhini na kulibeba jani lake pana. Kikonyo ni maji kwa asilimia kama 95, na ukali wake hauchezewi, kwani asidi yake iko karibu na pH 3, kipimo ambacho namba ikishuka chini ya 7 ukali huongezeka. Ndiyo maana Waingereza hawakuizoea kama tunda la mezani mpaka sukari iliposhuka bei kwao, kati ya karne ya 18 na ya 19. Kwa Uganda, joto la Kampala haliufai mmea huu. Hukubali zaidi nyanda za juu kama Kabale, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako viazi mviringo na matufaha pia hupata baridi yao.

Mzigo unafika

Mama S. ana mpwa anayefanya kazi katika hoteli moja karibu na Ziwa Bunyonyi. Kijana alijua bustani inayouzia hoteli rubabu, akanunua na kuupakia mzigo kwenye basi la usiku. Alhamisi alfajiri bodaboda iliuleta mlangoni: gunia la vikonyo pamoja na majani yake yote, jumla kama kilo 12.

“Mama mdogo, nimeyaacha majani ili visinyauke njiani,” alisema kijana kwenye simu.

Nia ilikuwa njema, lakini matokeo yakawa kinyume. Jani pana huendelea kuvuta maji kutoka kwenye kikonyo na kuyatoa hewani hata baada ya kuvunwa, kwa hiyo vikonyo vilifika vimelegea. Hilo lilikuwa dogo: Mama S. alivikata, akavisimamisha kwenye ndoo ya maji baridi kwa muda wa saa moja hivi, vikakaza tena. Baada ya kukata alibakiwa na takriban kilo 7 za vikonyo, na rundo kubwa la majani mabichi, laini, yanayong'aa. Akayaweka kwenye karai kando ya jiko, akatoka kwenda mjini kununua siagi na sukari.

Hakusema lolote kuhusu lile karai. Hakujua kuwa kuna la kusema.

Majani

Dada wa kazi aliyakuta majani kwenye karai, mahali ambapo mboga za siku huwekwa. Alifanya kile ambacho mpishi yeyote mzuri wa Uganda angefanya. Aliyaosha, akayakatakata kama dodo, yaani mchicha wa Uganda, akayachemsha kwa magadi kidogo yalainike upesi, kisha akayaunga kwa karanga za kupondwa. Kikonyo chekundu hakikumshangaza, kwa sababu ebbugga, mchicha mwekundu wa Waganda, nayo ina vikonyo vyekundu na huliwa kila siku.

Chakula cha mchana kilikuwa posho, yaani ugali, na mboga hiyo. Mama mkwe alionja, akasema inauchoma ulimi, akaisogeza sahani. Dada alikula matonge machache. Kijana mkubwa, aliyekuwa nyumbani siku hiyo kwa kukosa karo, alikula sahani mbili.

Kabla ya magharibi kijana alianza kulalamika koo linawaka, akatapika, tumbo likamkata, akaharisha. Dada alikuwa na kichefuchefu bila kutapika. Mama S. aliporudi alifanya mambo matatu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki. Hakumlazimisha mtu kutapika zaidi. Hakungoja aone kama itapita. Na alitia jani zima pamoja na mabaki ya mboga kwenye mfuko, akaondoka navyo pamoja na wagonjwa wote wawili kwenda kliniki.

Daktari hakuwa ameiona rubabu kabla, lakini alipoonyeshwa jani na kutajiwa jina aliweza kutafuta na kujua anashughulika na nini. Kijana alitundikiwa maji, akafuatiliwa mkojo wake usiku kucha, kwani asidi oksaliki ikiwa nyingi huishika kalsiamu ya damu na kuunda chembe zinazoweza kuziba figo. Asubuhi alikuwa mchovu lakini mzima. Dada alirudi nyumbani usiku uleule.

Ijumaa asubuhi Mama S. alitaka kurudisha arubuni. Mteja ndiye aliyemtuliza: vikonyo huliwa na watoto wa kwao tangu zamani, majani hutupwa. Akaamua kuendelea, akabakiwa na siku moja na ushee.

Sufuria iliyotakata

Jaribio la kwanza lilikuwa rojo la kujazia pai. Alikata vikonyo vipande vya urefu wa kidole gumba, akavitia kwenye sufuria ya alumini ambayo ndani ilikuwa nyeusi kwa miaka ya kuunguza pilau, akaongeza sukari na maji kikombe kimoja, akaacha vichemke kwenye sigiri. Vipande vililainika haraka na kuvunjika vyote vikawa uji. Rangi ilikuwa ya kijivu. Alipoonja, chini ya ukali kulikuwa na ladha ya kulamba sarafu.

Alidhani ni masizi, akamimina yote pembeni. Hapo ndipo dada wa kazi, ambaye tayari alikuwa amepona na kurudi jikoni, alipoitazama sufuria na kusema, “Mama, imetakata kuliko siku uliyoinunua.” Kweli. Mpaka pale rojo lilipofika, ule weusi wa miaka ulikuwa umetoka na alumini inang'aa.

Asidi ya rubabu haikuusugua tu ule weusi, ililila tabaka la juu la alumini lenyewe. Kilichotoka kwenye sufuria kilikuwa ndani ya rojo. Tonge moja la namna hiyo halimuui mtu, lakini ladha yake haifichiki, na si chakula cha kumuuzia mgeni. Shaba na chuma cha kusubu navyo havifai kwa sababu hiyohiyo. Kwetu tatizo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana kwenye mapishi ya Ulaya, ambayo huligusa kwa mstari mmoja. Huko vyungu vya stinlesi ni vya kawaida, huku neno sufuria lenyewe karibu lina maana ya alumini. Mwenye ukwaju au ndimu huweza kuponea kwa kuwa huwa vinaingia mwishoni na kidogo. Rubabu ndiyo chakula chenyewe, na hukaa motoni.

Mama S. aliazima sufuria ya stinlesi kwa jirani na kutoa kabatini mabakuli mawili ya enameli ya mama mkwe, akikagua kwanza kwamba hayajabanduka ndani.

Ukali, soda na rangi

Jirani aliyeazimisha sufuria alikuja na ushauri pia: tia soda ya kuokea, ukali utakufa na sukari itaokolewa. Walijaribu kwenye kikombe kimoja. Rojo lilitoa povu, ukali ukapungua kweli, lakini rangi ilipotea ikawa ya matope na ile ladha ya tunda ikabaki butu. Rangi nyekundu ya mimea ya namna hii huhitaji asidi ili ibaki nyekundu. Ukiiua asidi, rangi nayo inakwenda. Waliachana na soda.

Suala la rangi lilimla muda mwingi kuliko lilivyostahili. Mteja alikuwa amemtumia picha ya vikonyo vya waridi kabisa, na vya Kabale vilikuwa kijani na wekundu kidogo kwenye shina. Mama S. alidhani ameletewa vibichi. Sivyo. Rubabu haiivi kama embe. Zipo aina zilizo kijani mpaka mwisho na ni nzuri sawasawa. Ile ya waridi ya kwenye picha, kwa nilivyoitazama, ilikuwa ya kukuzwa gizani, namna inavyofanywa Yorkshire huko Uingereza: mizizi huachwa nje ipigwe na baridi kali, kisha huhamishiwa kwenye mabanda yenye joto yasiyo na mwanga, na vikonyo huvunwa kwa mwanga wa mishumaa katika miezi ya baridi. Kabale hakuna majira ya namna hiyo, na kikonyo kilichoota juani hakiwezi kuja na sura ile.

Pai

Pai ya majaribio ilitiwa vipande vibichi na sukari moja kwa moja kwenye unga uliosukumwa. Juu ilitoka dhahabu. Chini ilikuwa chapati iliyolowa. Vile vipande, maji asilimia 95, vilikuwa vimeachia yote ndani ya oveni.

Jioni ya Ijumaa alibadilisha utaratibu. Kwa kila pai alipima gramu 800 za vipande, akavichanganya na gramu 200 za sukari kwenye bakuli la enameli, akaviacha kwa saa mbili. Sukari ilivuta maji, yakajaa chini ya bakuli. Aliyachuja yote na kuyaweka kando. Vipande alivinyunyizia vijiko viwili vya konfulawa na maganda ya chungwa yaliyokwanguliwa, akavitandaza kwenye bakuli la kioo la oveni. Trei zake za pai zilikuwa za alumini, na somo la asubuhi lilikuwa bado bichi. Aliamua pia kuacha unga wa chini kabisa. Badala yake juu aliweka chembechembe: unga wa ngano gramu 200, siagi baridi gramu 100 iliyosuguliwa kwa ncha za vidole, sukari gramu 80, chumvi kidogo. Nyuzi 190, dakika 40, mpaka pembeni pakaanza kububujika.

Kwa haki, hii si pai tena, na alimpigia mteja kumwambia hivyo kabla ya kuoka. Mteja akajibu kwamba hata kwao wengi hupendelea hii.

Kulikuwa na ajali ndogo ya kastadi, ule mchuzi mtamu wa maziwa wa kumwagia juu. Alipoimimina ya moto juu ya rubabu ya moto, ilikatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu, na ndivyo ilivyokuwa hasa. Kesho yake kila kimoja kilipelekwa kimepoa, katika chombo chake.

Kinywaji

Yale maji yaliyochujwa kwenye bakuli yalikuwa matamu, makali, na yana harufu ambayo rojo la kwanza halikuwa nayo kabisa. Mama S. aliyaonja kwa kijiko, na hapo mpango wa kinywaji, ambao mpaka wakati huo ulikuwa juisi ya pasheni, ukabadilika.

Alichukua kilo 3 za vikonyo vilivyobaki, akavikata vidogo, akavichemsha polepole kwa lita 3 za maji ndani ya stinlesi, pamoja na tangawizi gramu 100 iliyopondwa na vijiti viwili vya mdalasini. Dakika 20 zilitosha. Alichuja kwa kitambaa cha melimeli kilichotundikwa juu ya ndoo safi na kuacha vidondoke vyenyewe. Ukikikamua kitambaa unapata zaidi, lakini kinywaji kinakuwa na ukungu na utelezi. Akaongeza maji matamu ya kwenye pai, kisha sukari gramu 700. Alitia sukari hadi ukikionja kikiwa moto uone utamu umezidi kidogo, kwa sababu ubaridi huupunguza utamu ulimini. Mtu anayeonja juisi ya moto na kusema “sawa” atanywa juisi kali kesho.

Rangi ilikuwa ya chai nyepesi. Alitumbukiza kiganja cha rozela kavu kwa dakika tano kikiwa bado cha moto, kikawa chekundu cha kupendeza. Mteja alipouliza baadaye, alimwambia wazi wekundu umetoka kwenye rozela. Siku ya sherehe kilitumika kwa kipimo cha kimoja kwa viwili na maji baridi yaliyochemshwa, pasheni mbili kwa kila mtungi.

Matokeo

Kinywaji kiliisha kabla ya hotuba. Sahani ya kwanza ya rubabu ya kuoka ilimalizwa na muagwa na wenzake wa kigeni. Ya pili ilirudi nusu, wageni wengi wa Uganda wakiwa wameonja kijiko na kurudi kwenye keki. Mama S. alilipwa yote, ila akitoa nauli ya mzigo, sukari, lile rojo lililotupwa na gharama ya kliniki, oda hii ilimtia hasara.

Wiki mbili baadaye wageni wawili waliuliza kama wanaweza kuagiza kile kinywaji.

Uchambuzi

Walioniambia kisa hiki kwanza walikisimulia kama kosa la dada wa kazi. Sikubaliani nao. Karai lilikuwa mahali pa mboga, na ndani yake mlikuwa na kitu chenye sura ya mboga. Katika nchi ambayo majani ya maboga, ya kunde na ya muhogo yote huliwa, kutupa jani laini ndilo jambo linalohitaji maelezo. Na si sisi tu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza, ambao mmea huu ulikuwa bustanini mwao kwa vizazi, walihimizwa kula majani ya rubabu kama mboga ili kuziba upungufu wa chakula, na watu wakasumika. Mzigo ulipaswa kukatwa majani shambani. Hilo lilikuwa mikononi mwa muuzaji na mpwa, na lingekuwa pia limeokoa nauli ya kilo 5.

Kuhusu sumu yenyewe, maelezo ya “asidi oksaliki” hayatoshi. Mchicha na spinachi vina asidi hiyo pia, na spinachi inaweza kufikia kiwango cha jani la rubabu, yaani karibu nusu gramu au zaidi kwa kila gramu 100. Kwa hesabu hiyo peke yake, mtu angehitaji kula kilo kadhaa za majani afikie dozi ya kuua. Lakini watu huugua kwa kiasi kidogo zaidi, ndiyo sababu hushukiwa kwamba kuna viambato vingine ndani ya jani, vya jamii ileile inayofanya mzizi wake uwe dawa ya kumfanya mtu aharishe. Kwa mpishi matokeo ni mamoja: jani haliingii chunguni. Kuchemsha hakuliponyi, na magadi huweza kuongeza ubaya kwa kuifanya asidi iyeyuke vizuri zaidi. Kwenye shimo la mboji halina tatizo, huoza salama. Mbuzi na sungura wasipewe. Kikonyo nacho kina asidi hiyo kwa kiasi cha chini, kwa hiyo mwenye historia ya mawe ya figo aambiwe kilichomo kabla hajamiminiwa glasi ya tatu.

Kilichomwokoa Mama S. jikoni ni tabia yake ya kuonja na kumwaga. Rojo la kijivu lingeweza kufunikwa kwa sukari na vanila likauzwa. Alichokosa ni kupima kabla ya kupokea pesa. Oda ya kitu usichokijua ingekuwa na siku ya majaribio ndani ya bei, au ikataliwe.

Jambo ambalo ningelifanya tofauti naye ni kuhusu ile sahani iliyorudi nusu. Yeye anaona ilihitaji sukari zaidi. Mimi naona ilihitaji mwenzi. Rubabu peke yake ni kali kwa mlaji ambaye hakukua nayo, na Kabale inatoa stroberi ambazo ndizo Waingereza wenyewe huzichanganya nayo. Nusu kwa nusu sukari ingepungua. Kwa jemu ni hivyohivyo: rubabu ina pektini kidogo, kile kinachogandisha jemu, na haigandi vizuri yenyewe, lazima isaidiwe na ndimu pamoja na mbegu na ngozi nyeupe zake zikiwa zimefungwa kitambaani.

Kwa sasa mpwa hutuma vikonyo vilivyokatwa, vimefungwa kwa gazeti lenye unyevu, kilo 5 kwa safari. Mama S. huvikata na kuvigandisha kwenye friza kwa mifuko ya nusu kilo, kwani kwa kinywaji kugandishwa hakuharibu kitu, hata huongeza maji yanayotoka. Anauza kwa mtungi kwa sherehe anazozihudumia mwenyewe. Duka moja limemtaka aweke kwenye chupa, naye amekataa mpaka aone gharama ya kupata alama ya Q ya shirika la viwango, UNBS. Pai za rubabu anaoka kwa anayelipa nauli ya basi mapema.